Nilikuletea Zabibu, Mzigua

Mbwana,

Mtu hovyo wewe. Naanza hivyo kwa sababu ndivyo tulivyozoeana, na kwa sababu nilijaribu kuandika "mpendwa marehemu" mkono ukagoma. Marehemu nani? Wewe? Akina mama waliokuja msibani wameiosha ile sufuria uliyoiacha na ukoko wa wali, nikawagombeza kama kichaa. Nikawaambia waiache, mwenyewe ataiosha akirudi. Mmoja akanishika bega, na hapo ndipo nikasikia nilichokisema.

Yaani bado sijaelewa. Nimepelekwa kaburini kwako Chatsworth, hapa hapa Durban, nimeona udongo mbichi, nimeona kibao walichochomeka. Nimeona kwa macho yangu mawili. Na bado kila alfajiri nagonga ukuta wa chumba chako uamke ukaswali, mimi Mkristo, kama ulivyonizoesha. Nagonga, halafu nasubiri unitukane.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa upande wangu, maana wewe uliondoka bila kuniuliza.

Safari ile ilikuwa yako. Wewe ndiye ulikuwa uende Cape na wale wazee wa Kijerumani na baiskeli zao, mimi nibaki Durban kuziba pancha na kukaza breki. Kibali chako kikawa kinakaribia kwisha, ikabidi ubaki ukapange foleni, nikaenda mimi. Ulinipa maagizo mlangoni kama mama anayempeleka mtoto bweni: "Wapitishe njia ya mfereji, lami usiwaonyeshe kabisa. Na wewe kaa nyuma, Maganga. Mbele kuna wajuaji wa kutosha."

Nikafanya kama ulivyosema. Tukaufuata mto Breede kwa zile njia za mashambani, mizabibu kushoto, mizabibu kulia, hakuna gari, hakuna honi. Trekta moja tu ilikuja, ikasimama pembeni itupishe, dereva akavua kofia. Wazee wakawa wanaendesha huku wanaimba. Bibi mmoja akaachia mikono yote miwili akacheka kama binti, nami moyo ukapiga paa, nikaona huyu leo ataingia mferejini. Hakuingia. Nikakumbuka maneno yako, yale unayowaambia wageni kila safari: "Hapa hata ukifumba macho hakuna wa kukugonga."

Kwenye ghala la mvinyo wakaniuliza, "Yuko wapi yule anayenusa?" Wewe bwana una jina kule! Mwongozaji wa ziara za mvinyo ambaye hajawahi kuonja hata tone. Unainua glasi, unanusa, unafumba macho, unasema huu una harufu ya udongo uliolowa mvua, wazungu wanatikisa vichwa kukubali, kisha unanisogezea glasi kwa kiwiko kimyakimya. Nikawaambia yupo Durban, msimu ujao mtamkuta. Nilisema hivyo nikicheka. Wakati huo ulikuwa umeshakufa.

Taxi. Kwenye robot, zile taa za barabarani za Overport, pale pale tunapovuka kila siku kwenda kununua mkate. Taa nyekundu kwake, kijani kwako, wewe juu ya baiskeli. Eish, Mbwana. Milima yote tuliyoteremka bila breki za maana, na wewe unakwenda kufa njiani kwenda dukani!

Mimi sikuambiwa. Bi Mwanaidi alipiga simu shambani tulikofikia. Wewe unamjua Bi Mwanaidi, anauza kanga na ubani mjini na amejifanya shangazi yetu sote bila kuombwa. Akataka kuongea na Papaa Didier, dereva wetu, siyo mimi. Papaa Didier akatoka ofisini akasimama mlangoni akikuna shingo, akaniambia, "Mbwana iko mugonjwa kidogo. Tumalize kazi, turudi." Nikauliza anaumwa nini. "Tumbo," akasema. Na mimi mjinga nikaamini, maana lini tumbo lako lilitulia?

Wageni wakapanda ndege yao Cape Town. Sisi tukageuka na kombi na trela la baiskeli, siku mbili za barabara mpaka Durban. Kabla hatujaondoka shambani nilimwomba msimamizi wa shamba anikatie zabibu, zile nyeupe zinazonukia asali, ambazo kila safari unaficha mfukoni ukidhani sikuoni. Mgonjwa apelekewe tunda. Nikazipanga kwenye boksi, nikazifunika magazeti niliyoyalowesha maji. Kila tuliposimama kujaza mafuta nilikwenda kuyalowesha tena. Colesberg nikayalowesha. Bloemfontein nikayalowesha. Papaa Didier anaangalia upande wa pili. Nikamtania, nikamwambia Mkongo leo umenuna, au unazitamani zabibu za mgonjwa? Redio nikiwasha anazima. Nilipokataa kula akanisukumia sahani: "Kula kwanza, njia iko murefu." Macho mekundu. Nikadhani ni usingizi.

Njia nzima nilikuwa nakutungia maneno, unasikia? Nilishapanga nitakavyoingia: nitasimama mlangoni na boksi kichwani, nikuambie Mnyamwezi amerudi kubeba mizigo yenu kama enzi za babu, toa uvivu wako kitandani.

Nikafika. Nikaona viatu mlangoni. Ndala, makubadhi, viatu vya watoto, vimejaa mpaka ngazini. Nikasimama na boksi langu. Akili ikaniambia watu wamekuja kumwona mgonjwa. Ikaniambia hivyo kwa nguvu kabisa. Nikaingia, nikaona wanaume wameketi chini, kitanda chako kimesimamishwa ukutani. Bi Mwanaidi akaja akanipokea boksi kwanza, akaliweka chini vizuri, ndipo akanishika mikono yote miwili. "Mwanangu, mwenzio tumemzika."

Tumemzika! Siyo amefariki. Tumemzika. Yaani yote yalikwisha, kuosha, sala, shimo, yote, siku ile ile nilipokuwa nikiwaambia watu msimu ujao watakukuta. Wazee Wazanzibari wa Chatsworth walikuosha kwa heshima, nasikia, wakakusindikiza kama mtoto wao. Nawashukuru. Lakini nilipiga kelele, Mbwana, sikufichi. Nilimgeukia Papaa Didier nikamwambia umekaa na mimi siku mbili unaniangalia nalowesha magazeti? Akaanza kulia yeye kabla yangu. "Walinikataza, ndugu. Ningefanya je?" Bi Mwanaidi hakulia. Akasema msafiri hapewi msiba njiani, atauzidisha uwe miwili. Akasema tulikuwa tunabadilishana usukani kwenye ule mteremko wa Van Reenen, na kwamba angekuwa yeye tena, angefanya vile vile.

Najua ana haki. Hasira haikuondoka.

Zabibu zililiwa kwenye hitima yako. Watoto walizifurahia. Mimi sikuweza hata moja.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote ni hiki. Mimi ni mtani wako. Mnyamwezi na Mzigua, utani wetu ni wa tangu wapagazi wetu walipopita kwenu wakielekea pwani. Ilikuwa haki yangu kuwa pale. Ningelala mbele ya jeneza, ningewazuia wasipite mpaka wanipe changu, ningeiga mwendo wako na sauti yako mpaka walie na kucheka kwa pamoja, ndiyo uondoke kama mtu mwenye watu wake. Kule kwetu maiti asiyetaniwa anahesabiwa kama mgeni. Nani angefanya hayo Durban? Umezikwa kwa adabu tupu.

Halafu yakaja ya mama yako.

Wazee wa Chatsworth walikaa wakakata shauri kwamba mama kule Handeni asiambiwe kwa simu. Mjomba wako wa Tanga mjini atakwenda amwambie uso kwa uso. Lakini Jumapili ilikuwa inakuja, na Jumapili mama huwa anakaa kwenye duka la kijijini kwao kusubiri simu yetu. Nisipopiga atashtuka. Basi nipige mimi, sauti yangu anaijua, niseme umelazwa. Bi Mwanaidi alisimama pembeni yangu kwenye kibanda cha simu, mkono kiunoni. Nikasema. "Amelazwa, mama, tumbo, ila anaendelea vizuri." Mbwana, unajua alichojibu? Akasema nikupikie uji wa pilipili manga, nisikutilie maziwa, maziwa hayakukai tangu utoto. Akarudia mara mbili nisije nikasahau. Nikamwitikia ndiyo mama, ndiyo mama.

Nikatoka pale bila kumngoja Bi Mwanaidi.

Mjomba hakufika. Mvua zimekata barabara, akasema atajaribu wiki nyingine. Kwa hiyo mama yako anaamka kila siku anakuombea upone. Wewe uko Chatsworth chini ya udongo, na yeye anakuombea upone. Nilifikiri juu ya hilo mpaka kazi ikanishinda, nikafunga gurudumu kinyume, Mama Ingrid mwenye kampuni akaniambia niende nyumbani. Bi Mwanaidi akanionya: subiri mjomba, usiwe na haraka ya kuua watu. Lakini mimi ndiye niliyebeba zabibu. Mimi ndiye ninayejua inavyokuwa, kumpangia maneno mtu ambaye hayupo, huku wenzako wote wanajua. Nikaona nikimwacha mama hivyo wiki nyingine, hatanisamehe, na atakuwa na haki.

Jumapili hii nilikwenda kibandani peke yangu. Nilimwomba mwenye duka ampe mama kiti, naye abaki karibu. Nikasema, "Mama, Mbwana hayupo hospitali." Nikasikia redio ya dukani kule, mtu anasoma matangazo ya vifo, halafu mtu akaizima. Mama akauliza lini. Nikamwambia. Akauliza nani alimwosha. Nikamwambia. Akalia, Mbwana, sitakuandikia alivyolia.

Nilipodhani simu imekatika, akauliza, "Na wewe mtani wake, ulikuwepo?"

Nikasema sikuwepo, mama. Nilifichwa. Nilikuta wameshamaliza.

"Hakuna aliyemtania?"

"Hakuna, mama."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi mtanie sasa. Mimi nasikiliza."

Pale barabarani, Mbwana, watu wamepanga foleni nyuma yangu wanasubiri simu. Nikafanya. Nikaiga unavyopanda mlima. Nikahema kwenye mdomo wa simu kama ng'ombe, nikasaga meno, nikaita kwa sauti yako ile ya puani: "Simameni, simameni, mnyororo wa baiskeli yangu umelegea!" Kumbe mnyororo uko salama, wewe ndiye umelegea. Nikaiga unavyoinama kuukagua, unaugusa huku na huku kama fundi, unasubiri pumzi irudi, halafu unawaambia wageni, "Ni bahati nimeugundua mapema." Nikasema Wazigua wote ndivyo mlivyo, na huko uliko usiwasimamishe malaika ngazini kwa mnyororo wako. Mzulu mmoja kwenye foleni, hakujua neno hata moja, lakini alivua kofia.

Nikamaliza. Nikaogopa nimemwua kweli. Halafu nikasikia mama anacheka, kicheko kimejaa machozi, na akasema, "Ndiye huyo. Ndiye huyo mwanangu. Hata akitoka mtoni alikuwa anatua ndoo njiani, anasema inavuja."

Sasa umezikwa, Mbwana. Ninavyojua mimi, umezikwa Jumapili hii.

Nimemwahidi mama nitakuja Handeni mvua zikikatika, nikae kizingitini kwake nizuie mlango mpaka anipe jogoo, mbele ya ndugu zako wote, kama inavyotakiwa. Nakuahidi na wewe. Jogoo huyo nitamla mwenyewe, na mama nitambembeleza ili kila nikija anichinjie mwingine. Lala, Mzigua. Lala salama, mvivu wangu.

Mtani wako,
Maganga