Mistari Miwili ya Jiwe la Mama

Jumatatu, 3 Juni

Hili sijawahi kumwambia mtu. Naliandika haraka kabla sijabadili mawazo: Mama hakujua kwamba anakufa, na mimi ndiye niliyemfanya asijue.

Basi. Limeandikwa. Mwandiko wenyewe kama wa mtoto wa chekechea.

Ilikuwa Agosti mwaka jana, kliniki, chumba chenye feni isiyozunguka. Siku zote kulikuwa na nesi wa kututafsiria. Siku hiyo hakuja. Baba alikuwa kazini anasoma mita za maji za watu, Kaka yuko gereji. Daktari alikuwa mgeni, Kiswahili chake kinaishia kwenye "pole". Akanitazama mimi na sare yangu ya shule, akauliza kama Kiingereza nakijua. Nikasema ndiyo. Tena kwa majivuno! Mimi ambaye darasani siinui mkono hata nikiwa na jibu — leo mtu mzima ananihitaji.

Akasema pole pole, kama anayetoa imla. Dawa zimeshindwa. Kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Miezi michache. Kama kuna watu anaotaka kuwaona awaite sasa, asingoje.

Mama akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema dawa zinafanya kazi, ila taratibu. Upumzike tu."

Mama akapiga makofi! Mle mle ndani. Akaushika mkono wa daktari kwa mikono yake miwili, akamshukuru. Daktari akanigeukia mimi. Sijui alimwonaje mama yangu — mwanamke wa kushukuru habari kama ile.

Nilisema nitamwambia jioni. Halafu kesho. Halafu Jumapili, Baba akiwepo. Ripoti ilikuja kwenye bahasha, na bahasha zote za hospitali nyumba hii nazisoma mimi. Nikaisoma. Nikairudisha ndani. Novemba ikafika, tukamzika.

Naandika leo kwa sababu Baba amesema mezani kwamba jiwe la kaburi limeshapatikana, fundi anangoja maneno. Akaninyooshea kijiko: "Wewe ndiye msomi wa lugha mbili. Utuandikie."

Wote wakaniangalia. Nikasema sawa. Mimi kila kitu nasema sawa.


Jumanne, 4 Juni

Baada ya shule tulikwenda kwa fundi wa mawe, mimi na Baba. Kiwanja chake kiko nyuma ya duka la matairi. Mawe yameegemea ukuta kama wanafunzi wanaosubiri kuadhibiwa. Vumbi mpaka kwenye kope zake.

La Mama ni la kijivu, dogo kuliko nilivyofikiria. Fundi ameshapiga mistari kwa penseli. Jina, tarehe mbili, halafu mistari miwili ya maneno. Kila mstari herufi kumi na sita, na nafasi nayo inahesabiwa. "Mkizidisha, zitabanana kama meno ya mtoto."

Ana utaratibu wake. Aliyechagua maneno lazima aje mwenyewe, asimame mbele ya jiwe, ayasome kwa sauti, ndipo fundi ashike patasi. Penseli inafutika, akasema. Patasi ikishaingia, kukosea ni kusaga uso mzima wa jiwe, na jina linakwenda na vumbi.

"Watu wanaandika vizuri sana kwenye karatasi," akasema. "Wakisoma kwa sauti ndiyo wanashtuka. Kuna mzee alisimama hapo hapo ulipo, akakuta amemwita mkewe mpole. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, futa hilo, fundi, huko aliko atanirukia!"

Baba alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu mazishi. Halafu akamsimulia fundi hadithi yake, ile anayomsimulia kila mtu: jinsi Mama alivyorudi kutoka kliniki siku ile amechangamka, akapokea oda ya sare thelathini za shule, akashinda na cherehani kama hana ugonjwa. "Mwanamke yule! Mimi naweka HAKUKATA TAMAA, na hapo sina zaidi."

Fundi akahesabu kwenye vidole. Kumi na nne. Inaenea.

Nilitazama viatu vyangu. Tamaa ile haikuwa yake. Niliitengeneza mimi kliniki, kwa mdomo wangu, kwa sekunde tatu.


Jumatano, 5 Juni

Nimeandika na kufuta mchana kutwa, hata kwenye kipindi cha hesabu. MAMA MPENDWA — mawe yote ya kwa fundi yanasema hivyo. PUMZIKA MAMA — hapana, "upumzike tu" ni maneno yangu ya kliniki. Kaka katoa lake: ALITUSHONEA SOTE. Si baya. Halafu akaharibu, akasema na chini yake tuandike "isipokuwa mfuko wa suruali yangu". Ananiita Redio, kwa sababu sitoi sauti. "Redio, leo huna taarifa ya habari?"

Nilikaribia kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Akasema, "Funga, nzi."

Baba amesoma yote niliyoandika. Akarudisha karatasi kwa upole. Mazuri, anasema, lakini Mama hayumo. Anarudi kule kule kwenye HAKUKATA TAMAA.


Alhamisi, 6 Juni

Mama mdogo amefika. Mdogo wake Mama, wa pekee. Analala chumbani kwangu, kitanda cha karibu na dirisha.

Walinuniana miaka mitatu, yeye na Mama, kwa sababu ya gauni. Mama alimshonea gauni la harusi, wiki tano za kazi. Siku yenyewe bibi harusi akatokea na gauni la dukani! La Mama lilikuwa limembana kwapani, hakuweza kuinua mkono, na aliona haya kusema. Mama alikaa mstari wa mbele na uso kama pasi. Baada ya hapo, salamu za sikukuu tu.

Leo ameingia kwenye chumba cha cherehani. Mikono ya mashati bado imepangwa pale, mikono mitupu bila mashati yake. Akaigusa. Akatoa simu, akanionyesha meseji ya Mama ya Septemba. Yeye aliuliza: Dada, nije? Mama akajibu: Usije. Nikipona nitakuja mwenyewe.

"Umeona?" akaniambia. "Usije. Dada yangu akikasirika anakasirika mpaka kwenye mifupa. Anaumwa vile na bado hanitaki."

Nilikuwepo Mama alipoiandika! Alikuwa ameegemea mito, anacheka peke yake. Alisema asije akamkuta amebaki sindano. Acha apone, anenepe kidogo, aende na futi yake shingoni akampime upya, na safari hii kwapani atamwachia nafasi ya kupita tembo.

Hii yote ningeweza kumwambia Mama mdogo. Lakini angeuliza: kwa nini alidhani atapona? Ndiyo hapo. Kila mlango wa nyumba hii unaishia kwenye kile chumba cha kliniki.

Wakati wa chakula Baba akamwomba naye atoe neno kwa ajili ya jiwe. Akatikisa kichwa. "Shemeji, mimi ni nani? Mtu aliyeambiwa usije?"

Hakumaliza chakula. Mimi nilimaliza changu chote. Sijui kwa nini naandika hilo, lakini nilimaliza.


Ijumaa, 7 Juni

Nimemwandikia Mama mdogo barua. Ukurasa mmoja. Yote — daktari, bahasha, meseji, tembo wa kwapani.

Nimeiandika kwa Kiingereza.

Kwa Kiswahili kila nikifika kwenye neno "nilimdanganya" nasikia sauti ya Mama akiniuliza "Anasemaje?" Kwa Kiingereza ni kama insha. Kalamu ilikwenda yenyewe, hata machozi hayakutoka. Nimeisukuma ndani ya mkoba wake, mfuko wa pembeni.

Mama mdogo hasomi Kiingereza. Nalijua hilo. Sitaki kujidanganya na hapa: nalijua kabisa.


Jumamosi, 8 Juni

Nataka kuandika kwa mpangilio, lakini kichwa kimevurugika.

Asubuhi nilikuwa nakunja nguo. Mama mdogo akaja na karatasi mkononi. "Mwanangu, nimekuta hii kwenye mkoba. Nilidhani ya hospitali, nikaona ina jina la dada. Huu si mwandiko wako? Njoo unisomee."

Akakaa kitandani. Akapigapiga godoro nikae karibu naye. Akafumba macho, kama mtu anayesubiri wimbo.

Nilikuwa na karatasi yangu mwenyewe mkononi. Nilichotakiwa ni kusoma. Kusoma tu!

Nikasema, "Ni insha ya shule, Mama mdogo. Kuhusu Mama. Sijui imeingiaje humo."

"Nisomee hiyo hiyo."

Basi nikaanza kutafsiri barua ambayo haikuwepo. Nilifuata mistari kwa kidole ili nionekane nasoma. Nikasema mama yangu alikuwa fundi cherehani. Nikasema alikuwa anauma uzi kwa meno na sisi tunamgombeza. Hizo zilikuwa kweli, nikapata nguvu. Halafu kidole kikafika kwenye ile sentensi — mama yangu hakujua kwamba anakufa — na mdomo wangu ukasema:

"Mama yangu alijua anakoenda, na hakuogopa."

Imetoka yenyewe. Nadhani ndivyo ninavyotamani iwe. Au ndivyo nilivyoumbwa: nikipewa sentensi mbaya, naigeuza.

Mama mdogo alifumbua macho. "Alijua?"

Kidole changu kikabaki juu ya ile sentensi.

"Alijua," akasema tena, safari hii si swali. "Mimi nilikuwa najipa moyo. Nasema labda dada alidhani ana muda. Labda ndiyo maana aliandika nikipona. Kumbe alijua kwamba haponi. Akaandika nikipona ili mradi nisije." Akachukua karatasi kutoka mkononi kwangu, akaikunja vizuri, kingo kwa kingo, akanirudishia. "Insha nzuri, mwanangu. Mwalimu atakupa alama."

Nilitaka kumweleza. Kweli nilitaka. Lakini Baba alikuwa mlangoni, na ndoo, amesikia. Macho yamemjaa machozi.

"Rudia hayo," akasema.

"Yapi, Baba?"

"Usinitanie. Alijua anakoenda."

Nikarudia! Akaweka ndoo chini. Akahesabu kwenye vidole, akakosea, akaanza upya. Kumi na sita. Kamili! Akahesabu na HAKUOGOPA. Inaenea, inabaki na nafasi. Akanikumbatia mpaka nikanusa bomba na kutu za kazini kwake. Akasema siku zote alihisi kwamba Mama alijua, na kwamba ile furaha yote ilikuwa ya kutulinda sisi. Sasa anaelewa. Miezi saba alikuwa haelewi, na mimi mtoto ndiye nimemfungua macho.

Mama mdogo akaomba radhi, akasema anakwenda kunawa uso.

Mchana Baba alimpigia fundi. Jioni Kaka amekuja kunipa mkono, hakutania hata neno moja. Afadhali angetania.


Jumapili, 9 Juni

Mama mdogo anaondoka kesho alfajiri. Hatangoja jiwe liwekwe. Amemwambia Baba kazini hawakumpa siku zaidi. Si kweli. Alhamisi alipofika alisema ana likizo mpaka tarehe ishirini. Baba amesikitika, lakini hakuhisi kitu. Baba ni mtu wa kusoma namba, ukimpa namba anaiandika.

Na saa mbili asubuhi mimi natakiwa kwa fundi, nisome kwa sauti. ALIJUA ANAKOENDA. HAKUOGOPA. Halafu patasi.

Nimejaribu mara tatu leo. Mara ya kwanza jikoni, Mama mdogo anamenya vitunguu. Nikasema, "Mama mdogo, kuhusu ile insha." Akasema, "Tuiache, mwanangu," na akaendelea kumenya. Mara ya pili nilimfuata Baba uani. Nikamwuliza kama tunaweza kurudi kwenye lile la Kaka, la kushona. Akaniuliza kama naona aibu kwa kazi yangu nzuri. Akanipapasa kichwa. Mara ya tatu nilimpigia fundi mwenyewe kwa simu ya Baba. Akapokea, akasema haloo, haloo, nani mwenzangu? Nikakata. Redio!

Nimewaza: kwa sauti siwezi. Kwa Kiingereza ni ujanja. Basi ibaki hapa, kwa Kiswahili, kwenye ukurasa huu. Nitauacha wazi juu ya kitanda chake, karibu na begi, halafu nitakwenda kuosha vyombo na sitarudi mpaka nisikie amelia au amenifuata kunipiga. Chochote. Naandika sasa, kwa herufi kubwa kubwa, asihitaji mtu wa kumsomea:

Mama mdogo, dada yako hakujua. Mimi nilimficha. Daktari aliniambia nimwambie awaite watu wake na mimi nikamwambia anapona. Alipokuandikia "nikipona" alikuwa anaamini kabisa, kwa sababu mimi nilimwambia. Alikuwa anakuja kwako. Alisema atakushonea lingine. Hakukukataa. Ukasirike na mimi, usikasirike na

Nyayo ukumbini. Malapa. Ni yeye, Baba leo amevaa viatu. Mbona mapema hivi, alikuwa kwa jirani!

Sawa. Si ndiyo nilichotaka? Ukurasa uko wazi. Ninyanyuke tu, nipishe.

Anagonga. Chumba ni chetu sote na bado anagonga. "Mwanangu, uko humo? Nimekuja nikuage leo leo, kesho nitakuwa na haraka."

Nimesema dakika moja, Mama mdogo, navaa. Sivai chochote. Mto uko mkononi tayari, nauweka juu ya ukurasa