Msiba wa Sementi

Jumatatu, 3 Juni

Ukungu tena. Mgongo unauma. Asubuhi nzima nimekuwa na msalaba wa kaburi, wa mzee mmoja wa kijiji cha Kansay. Mchana akaja meneja wa lodge. Anataka sanamu mbili za Kigiriki kwa ajili ya bustani. Nikajua ni miungu yenye vifua. Wapi! Kaniletea picha za bibi kikongwe anayekwenda sokoni na kikapu, na bondia aliyekaa, hoi. Anasema Wagiriki walichonga miungu na vijana wazuri wee, baadaye wakawageukia na wazee, walevi, watoto, watu waliochoka. Mikunjo, mishipa, maumivu, vyote hadharani. Nimewapenda watu hao.

Jumatano, 5 Juni

Bibi anasimama. Nondo, waya, sementi. Nguo imemganda mwilini kama amenyeshewa, ndivyo picha inavyotaka. Uso umenishinda. Mke wangu, Mama Paskali, alikuwa kibarazani anachambua vitunguu vya mnada. Nikamtazama. Miaka mingi sijamtazama hivyo. Macho, shingo, ile mikunjo ya mdomo. Nikaihamisha yote. Sikumwambia. Nimefunika na turubai.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya.

Mama Paskali aliondoka alfajiri kwenda mnadani. Mimi nikafunua sanamu, nikaimwagia maji isipasuke, nikaenda Kansay kusimika msalaba. Turubai nikasahau kurudisha. Jirani yetu Mama Neema akachungulia uani. Akaona uso wa mke wangu, wa sementi, umesimama katikati ya misalaba. Kwangu sementi ni ya marehemu, mtaa mzima unajua. Akampigia simu mke wangu. Kumbe simu iko ndani kwenye chaji, inaita tu. Basi, kifo kimethibitika.

Narudi jioni, uani kumejaa wanawake. Unga, sukari, vilio. Pole, Baba Paskali, mama hatunaye. Nikakaa kwenye rundo la mchanga. Sikuuliza amekufaje. Sikulia. Mikono ililala tu mapajani. Kila pikipiki ilipopita barabarani, nikainua uso.

Moja ikakata kona, ikaingia. Akashuka yeye. Mzima, na vikapu vyake. Wengine wakapiga yowe, wengine wakakimbia. Akatutazama sisi, akaitazama sanamu.

"Umenizika mzima! Na ukanizeesha juu yake!"

Jumamosi, 8 Juni

Amekwenda kwa dada yake. Hakuaga. Nimekasirika. Mimi nilimkosea nini? Nilimkosea, najua. Ningemwomba ruhusa kwanza. Mama Neema amekuja kuomba radhi, akaondoka na sukari yake.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda kanisani. Wangeniuliza.

Jumanne, 11 Juni

Meneja anamtaka bondia. Bondia haji. Nimebomoa mabega mara mbili. Picha iko mbele yangu na bado natengeneza gunia la mahindi. Nikachoka, nikakaa kwenye mchanga. Palepale. Mwili ukakumbuka wenyewe. Picha nikaiweka chini. Nimefanya kazi mpaka giza, na uso nimeweka wangu, pua hii hii iliyopinda. Heri nami nizeeke hadharani.

Alhamisi, 13 Juni

Amerudi. Hajasalimia. Katua kikapu, akamzunguka bondia polepole. Mabega yaliyoanguka. Mikono mapajani. Uso umeinuliwa.

Akauliza kama ndivyo nilivyokaa siku ile. Nikasema ndiyo.

"Na hapa unaangalia nini?"

"Pikipiki."

Akapangusa vumbi kwenye uso wa bibi kwa ncha ya khanga yake. Halafu akaniambia nishike upande wa pili. Tukamsogeza bibi, mzito kweli, mgongo wangu sasa basi tena, mpaka akasimama pale bondia anapotazama.

Gari la lodge linakuja kesho. Amesema niwaambie wasiwatenganishe. Yuko jikoni, anapika.