Mama Mwenye Mwenge na Baba Mwenye Tochi

Perry Barr, Birmingham
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpenzi, Mama Janeth,

Pokea salamu nyingi kuliko nyumbu wanaovuka mto, na hao wasipotosha ongeza pundamilia. Hujambo? Goti la mama mkwe linasemaje na hii baridi ya Arusha? Yule mbuzi mwenye pembe moja bado anakula kamba za nguo? Mimi huku mzima, mashavu yamejaa, suruali zimeanza kunilalamikia. Wasiwasi nilionao ni mmoja tu, nao nitaueleza hapa hapa, usiruke ukurasa.

Barua hii anaileta dada Wanjiru, yule nesi Mkenya ninayesali naye. Anakwenda kwao Nyeri, na akifika Nairobi ataitia kwenye basi la Arusha. Atakupigia simu ukaipokee stendi. Atakwambia, "Sasa." Usimuulize sasa nini. Ndiyo salamu yao. Wewe jibu "Poa", maisha yaendelee.

Najua utauliza kwa nini naandika kwa kalamu kama mtu wa zamani na simu ninayo. Kwenye simu mimi nakuwa na haraka ya kuchekesha, halafu nakata na kile nilichotaka kusema bado kiko mdomoni. Karatasi haina haraka. Isitoshe mwandiko wangu unaujua ulivyo mzuri, darasa la saba nililisoma mara mbili, watu wengine wanalisoma mara moja tu na kuona wamemaliza.

Jumapili iliyopita uliponiambia Janeth hataki kuja uwanja wa ndege Desemba kunipokea, nilicheka. Ukasema, "Anasema yule mtu hamjui." Nikacheka tena. Halafu ukanieleza habari ya picha: ulimwonyesha ile picha yangu ya London, akaitazama, akakurudishia simu, akauliza, "Baba ni yupi?" Hapo ndipo niliposema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri sana, Mama Janeth. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba na buti za kazini miguuni. Niliondoka mtoto anatambaa. Sasa anaandika jina lake na anajua kukataa.

Ile picha, ngoja nikueleze ilivyopatikana, maana haikuwa kazi ndogo. Kanisa lilikodi basi tukaenda kuiona Saa Kubwa, ile ambayo dunia nzima ikitaka kusema "hapa Uingereza" inaonyesha ile. Njia nzima mimi ndiye nilikuwa nawaeleza wenzangu habari zake, ingawa nilikuwa sijafika. Nikawaambia kwetu Arusha tunao Mnara wa Saa, na watu husema umesimama katikati kabisa ya Afrika, Cairo huku na Cape Town kule. Sasa hii yao iko katikati ya nini? Lakini nisikufiche, nilipofika chini yake shingo iliniuma kwa kuangalia juu. Ikagonga tatu, mimi moyoni nikahesabu tisa, maana saa ya Kizungu naisoma kwa kuigeuza.

Dada Wanjiru akachukua simu yangu anipige picha. "Simama hapo hapo, Eli, usisonge," akasema. "Kichwa ya saa imekatika." Akarudi nyuma. "Bado." Akarudi tena. "Ngoja, sasa kidogo tu." Akaenda akaenda mpaka nusu ya daraja, nikawa simsikii, namwona tu anapunga mkono, na mimi nimeshika kiuno kama mwenye mnara. Basi saa ikatoka yote, na mawingu yake. Mimi nikatoka kama sisimizi aliyevaa koti. Na ile nyingine niliyokutumia, ya yule ng'ombe dume wa shaba aliyesimama hapa katikati ya mji wetu, mnyama mzuri, nimemkagua, hajadhoofika, watoto wa watu wamempanda mpaka kwangu imebaki kuonekana kofia. Sasa mtoto angenijuaje?

Sikia jambo la ajabu la mji huu. Watu wa Birmingham wana neno lao, "bab". Ukishuka kwenye basi dereva anakwambia, "Asante, bab." Ukinunua mkate, mama wa dukani anakuuliza, "Mfuko, bab?" Mwanzoni nilidhani wananiita baba. Nikajiuliza wamejuaje kwamba nina mtoto, au imeandikwa usoni? Nikawa naitika kwa heshima kabisa, "Naam, mama," na yule wa dukani akawa ananiongezea tabasamu. Mpaka siku nilipomsikia dereva anamwita hivyo hivyo msichana wa shule. Kumbe ni neno la kubembelezana tu, kama sisi tunavyomwita mtu mwanangu hata kama hatukumzaa. Lakini sijaacha kuitika. Mji mzima unaniita baba, mke wangu, isipokuwa mtoto mmoja anayekaa Arusha.

Sasa nifike kwa Bibi Doreen, maana ndiye aliyenishikisha kalamu hii.

Nyumba ya wazee ninapofanya kazi iko upande wa Edgbaston, kwenye mitaa ya miti mikubwa na watu wenye nazo. Bibi Doreen si mwenye nazo, ni mjane wa fundi wa kiwanda cha magari kule Washwood Heath. Miguu haimbebi tena, ila mdomo unambeba yeye na sisi wote. Asubuhi nikimnawisha ananiuliza kama mikono nimeitoa kwenye barafu. Nami namwambia kwetu maji haya tunapikia ugali. Tunapendana.

Dirishani kwake amepanga vijisanamu vya nchi zote alizotembea na marehemu Len, mume wake. Walikuwa wanakwenda nchi zinazosema Kiingereza tu, kwa sababu Len alisema lugha moja inamtosha kugombana nayo. Lipo lile jumba la muziki la Australia, mapaa yake kama sambusa zilizosimamishwa kwenye sahani. Lipo daraja jekundu la Amerika. Na yupo yule mama wa Amerika aliyeinua mwenge. Jumatatu nilikuwa navifuta vumbi.

"Huyu namfahamu," nikamwambia. "Huyu ni Sanamu ya Uhuru. Ameshika Mwenge wa Uhuru. Kwa mwaka anaukimbiza mikoa mingapi?"

"Anaukimbiza?" akaniuliza. Nakutafsiria, yeye anasema kwa Kiingereza chao cha puani.

Basi nikaweka kitambaa chini nikamweleza. Kwamba kwetu Mwenge hausimami mahali. Unakimbizwa, kila wilaya unalala, unafungua kisima, unafungua zahanati, na hata kama kisima kilifunguliwa zamani kinafunguliwa tena. Kwamba mwalimu wetu alitupanga barabarani na kaptula safi tukaimba mpaka koo likakauka, na Mwenge ukapita na vumbi lake, na mimi nikaapa umenitazama. Kwamba wilaya hii huukabidhi wilaya ile mpakani, kwa heshima, mkono kwa mkono. Nikamwambia, "Nilidhani wa Amerika ni hivyo hivyo, wamemchonga pale anapongoja mwenzake aje kuupokea."

Bibi Doreen alicheka mpaka nikamletea maji.

"Huyo hajasogea tangu walipomweka, bab. Watu ndio wanaomwendea."

"Basi mkono umeshakufa ganzi."

"Ni alama ya uhuru. Na ya kukaribisha wageni."

"Anayekaribisha wageni husogea mlangoni," nikamwambia. Akasema nina maneno mengi kwa mtu ambaye bado hajamaliza kufuta dirisha.

Nikamuuliza na hivi vingine ni alama ya nini. Nilitegemea majibu ya vitabuni, kwamba hili ni alama ya ufundi na lile alama ya sanaa, ili na mimi nikawaeleze wenzangu kanisani. Akanyoosha kidole kwenye daraja. "Hilo ni alama ya kofia ya Len. Upepo uliichukua, akataka kuifuata." Akanyoosha kwenye zile sambusa. "Hilo ni alama ya kununiana. Tulikaa nje yake hatusemeshani, mvua ikaja, mwavuli ulikuwa mmoja."

"Na mama mwenye mwenge?"

"Viatu vipya. Vilinibana, Len akanibeba mgongoni mpaka kwenye boti. Watu walikuwa wanatutazama sisi, hawamtazami yeye."

Halafu akaniagiza nimshushie kitabu cha picha. Mama Janeth, kila picha ni uso wake tu. Nyuma yake kipande cha daraja. Kona ya paa. Kidole kimoja cha yule mama wa Amerika. Nikamwambia, maana mimi sijui kunyamaza, "Marehemu hakujua kupiga picha."

"Alijua," akasema. "Alikuwa akisema daraja linapatikana kwenye kadi, dukani. Mimi sipatikani."

Mimi nikaona sasa nimwonyeshe picha ya mtu anayejua. Nikatoa simu, nikamfungulia ile ya London, Saa Kubwa yote na mawingu yake. Akachukua kile kioo chake cha kukuzia maandishi. Akatazama sana. Akauliza, "Wewe ni yupi?"

Maneno yale yale. Nikamwonyesha kwa kidole, na kidole kikanifunika mzima.

Nikajikuta namweleza habari ya Janeth. Hapo Bibi Doreen hakucheka. Alikaa na kile kioo mapajani, akasema, "Umemtumia mtoto saa. Mtoto hakuomba saa, bab."

Halafu akadai simu. "Sogea," akasema. Nikasogea. "Sogea tena, nataka kuona kama umenyoa." Nikapiga magoti mbele ya kiti chake mpaka nikasikia harufu ya peremende yake. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo sikio moja limebaki nje ya picha, lakini kwa sikio moja utanisamehe.

Picha hiyo nimeisafishisha dukani, iko humu ndani ya bahasha. Haina mnara wala daraja. Ina kovu la nyusi nililolipata siku ile tunapandisha tenki la maji, na ina mwanya wangu, maana alinikuta nacheka. Nakuomba kitu kimoja. Mpe Janeth hii picha, mpe na kioo cha kujitazamia, usimwambie neno. Mwachie. Ule mwanya wake ameutoa kwangu, hata mama yako alisema siku ya ubatizo, tena kwa kusikitika. Ataukuta mwenyewe.

Na Desemba usimlazimishe. Akikataa kuja, mwache na bibi yake, nitamkuta nyumbani. Akikubali, mwambie si lazima anijue. Uliniambia umeme ukikatika analia mpaka umwashie simu. Nimemnunulia tochi, ndogo, ya kumtosha mkononi, nyekundu kama lile daraja la Bibi Doreen. Pale uwanja wa ndege, KIA, nitatoka mlangoni nimeinua mkono wa kulia na tochi inawaka, mchana kweupe, kama yule mama wa Amerika. Watu wataniona kichaa. Nimeshaonwa kichaa na miji mikubwa kuliko Arusha. Yeye atafute tochi tu, asitafute mtu. Akijificha nyuma ya kanga yako, ajifiche. Sitambeba, sitambusu, sitamwambia amekua. Nitasogea mimi, nitachuchumaa, nitamkabidhi tochi yake mkono kwa mkono, kama wilaya na wilaya. Ya kubebana yatakuja yenyewe, hata Len alisubiri viatu vibane.

Nisalimie mama mkwe, mwambie asipande ngazi za kanisa kwa goti lile, Mungu anasikia hata chini. Nisalimie shemeji mwenye bodaboda, apunguze mwendo, na asivae koti langu la ngozi, najua analivaa. Nisalimie jirani yetu mwenye bomba, anayetupa maji zamu yetu inapokauka. Nisalimie kwaya, hasa kinamama wa sauti ya pili, waambie huku tunaimba polepole sana. Bibi Doreen naye anakusalimu, anauliza kama kweli mimi ndiye uliyemchagua au walikuwa wamebaki wachache.

Wewe mwenyewe sina salamu ya kukutosha kwenye karatasi. Ukiizima taa leo, jua kuna mtu Perry Barr anageuza saa kichwani ili ajue kwenu ni saa ngapi.

Ni mimi wako wa moyoni, mtaalamu wa minara,
Elibariki, Baba Janeth

Haya ya chini msomee Janeth, polepole:

Janeth, hujambo. Mimi ni yule wa tochi. Nikifika si lazima uniite jina lolote. Huku madereva wote wa mabasi wananiita baba na hawajui wanachosema, kwa hiyo nimezoea kungoja anayejua. Tochi ni yako hata usiponiita. Wewe njoo uichukue utakapotaka, au nionyeshe kwa kidole ulipo, nitakuja mimi. Mkono wangu hauchoki haraka.