Boriti ya Ilunga Mrefu

Kamina, Jumapili, baada ya misa ya pili

Wajina,

Nakuandikia nikiwa karakana, karatasi imelala juu ya meza ya randa. Mlango nimeufunga ili watu wa paroko wasidhani nafanya kazi siku ya Bwana. Nina habari za banda. Nitakupa zote, hata zile mbaya, na nitaanzia mwanzo, maana hukupenda mtu anayekamata habari kwa mkia.

Banda limekwisha. Liko palepale ulipopachagua, kando ya barabara ya Kaniama. Lina nguzo nne za mubanga, ule mti uliousifu kwamba mchwa wakiuuma wanakwenda kutafuta meno mengine, ukuta wa matofali unaofika kiunoni, mabati juu, na sakafu ya saruji yenye mteremko wa kupeleka damu shimoni. Miaka yote wawindaji wenu walichuna nyama chini juu ya majani, na kila aliyekula akatafuna mchanga. Chama chenu sasa kina mahali pa kutundika mbawala kama watu. Kwa macho ni kazi nzuri, na unajua mimi si mtu wa kusifu mikono yangu.

Boriti ndiyo iliyotutesa.

Unakumbuka asubuhi ile. Nguzo zilikuwa zimesimama, mabati bado. Mimi nilikuja na mita yangu, ile ya mbao inayokunjwa, ambayo kipande chake cha kwanza kilivunjika kwa hiyo kila kitu napima kisha naongeza. Nikakuuliza boriti ya kutundikia nipandishe kiasi gani. Ukaitazama mita kama mtu anayetazama chura kwenye sahani. Ukasema, "Meta haichunake nyama. Muntu njo anachunaka." Ukavua viatu, ukasimama peku kwenye udongo, ukaegemea nguzo na kunyosha mkono. Nyayo za mnyama, ukasema, zikae pale vidole vinapoishia, ili mtu aanze na kisu kisiginoni bila kuinama na bila kuruka. Ndivyo baba yako alivyotundika nyama kwenye tawi, na babu yako kabla yake. Mimi nilipanda kigoda, nikachora mstari kwa penseli pale kidole chako cha kati kilipofika.

Tulibishana. Nilikuambia kwamba wewe ni mrefu, kwamba si bure watu wa mtaa wetu wanatuita Ilunga Mrefu na Ilunga Mfupi. Ulinijibu kwamba mfupi hana haki ya kuzungumza habari za juu. Tukacheka. Kichwani niliweka mpango wa kukurudisha Jumamosi pamoja na wenzako, wote wanyoshe mikono, wewe mwenyewe uone. Jumamosi ulikuwa kitandani hospitalini, na Jumapili iliyofuata tulikuzika.

Jeneza nililitengeneza mimi. Nilikupima kwa mita na hukubishana. Mbao nilizokuwa nazo za jeneza zote zilikuwa fupi kwako, kwa hiyo nilichukua zile ndefu nilizoziweka kwa ajili ya meza ya kukatia nyama pale bandani. Nakuambia ili ujue kwa nini meza ilichelewa. Wenzako waliuliza, nikasema mbao zimepinda.

Sasa nifike kwenye kosa.

Baada ya misa ya siku arobaini, chama kiliniomba nimalize, maana msimu wa kuwinda ulikuwa unakaribia kufunguliwa. Nikaenda. Mstari wako wa penseli ulikuwa bado upo kwenye nguzo, mvua haikuufuta. Nilipima mara mbili kutoka sakafuni. Nilijua ni juu mno, wajina. Sitaki kujificha nyuma ya kilio na kusema kichwa kilikuwa kimejaa. Kichwa kilikuwa safi. Nilijua kwamba kati ya wawindaji kumi na mmoja waliobaki hakuna hata mmoja wa kufika pale. Nikachukua patasi nikatoboa nguzo mbili zinazotazamana kwa urefu uleule wa mstari, nikapitisha boriti, nikakaza ndoano zake za chuma. Sikuweza kuweka boriti chini ya kidole chako. Niliona kama nitakuwa nimekushinda kwenye ule ubishi kwa sababu tu hukuwepo kujibu.

Siku ya kwanza walileta mbawala dume. Mwepu, ambaye sasa ndiye prezida wa chama mahali pako, aliangalia juu, akamwangalia mnyama, akaangalia juu tena. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Fundi, hii kintu iko ya bamalaika, haiko ya bantu." Wenzake walitazama chini, kwa sababu kila mmoja alijua ule ulikuwa mkono wa nani. Watu watatu wakambeba yule dume na bado ndoano ilikuwa mbali. Wakajaribu kuunganisha kwa kamba. Nyama ikazunguka huku na huku, ukishika ngozi inakugeuzia mgongo. Wakaishia kumchuna chini, juu ya saruji yangu mpya, wameinama kama zamani.

Ningeweza kushusha boriti siku ileile. Badala yake nilirudi karakana nikatengeneza kigoda kirefu, cha watu wawili kusimama. Nilijiambia kwamba kigoda kinatosha. Ona ukaidi wangu, wewe uliyekuwa ukisema fundi mfupi hukaidi kwa urefu anaokosa.

Sakafu ile ina mteremko, mimi mwenyewe niliuweka. Damu ikishuka, saruji inateleza kama sabuni. Wiki ya pili Banza alipanda kigoda, kisu mkononi, akaanza kisiginoni kama ulivyowafundisha. Kigoda kikateleza. Alianguka na kisu kikampasua kiganja cha kulia kutoka kidole cha shahada mpaka karibu na kifundo. Wakamfunga kwa shati la Mwepu na kumpeleka hospitali kwa pikipiki. Mimi sikuwepo. Nilisikia habari hapa karakana kutoka kwa mtu aliyekuja kuagiza dirisha, na alinisimulia kama jambo la kawaida, bila kujua kigoda ni cha nani.

Nilikwenda kumwona Banza. Hakunilaumu. Alisema ni ajali. Kidole cha shahada hakikunji vizuri mpaka leo, na wewe unajua kidole hicho kwa mwindaji ni cha kazi gani. Nilikaa pale kwake nikanywa maji, nikaondoka bila kusema nilichokwenda kusema. Nakuambia wewe kwanza: niliujua urefu ule, na nikaacha mtu aanguke. Naona haya.

Baada ya hapo hakuna aliyeingia bandani. Walirudi kuchuna chini, kwenye majani, kila mtu karibu na njia yake. Kwenye mkutano wa chama mmoja akatoa wazo kwamba banda lifungwe ukuta mpaka juu na kuwa ghala la mahindi. Wengine walikubali kwa kichwa. Mwepu aliniuliza kama boriti inaweza kushushwa. Nikamjibu kwamba ule ni mstari wa marehemu. Basi, mkutano ukaishia hapo. Nililitumia jina lako kama kufuli, wajina. Kazi yako ya mwisho ilikuwa inakwenda kujazwa magunia, na mimi ndiye niliyeshika ufunguo.

Mkeo ndiye aliyeniita. Alituma neno kwamba ana kazi ndogo ya misumari. Nilimkuta Mama Agnès mzima, amepungua kidogo, bado ananiita bwana mufupi, kwa sababu wajina wa mume ni mume wa utani. Kazi yenyewe ilikuwa kioo. Kile kioo ulichokipigilia ukutani mwaka mliooana kwenye urefu wa uso wako. Aliniambia kwamba miaka yote ya ndoa alikuwa anajiona paji la uso tu, na kwamba Jumapili alikuwa anakwenda kanisani bila kujua midomo yake inafananaje. Alicheka aliposema hivyo. Nilishusha kioo. Nikaona ukutani alama nyingine za misumari iliyong'olewa: rafu ya chumvi imeshuka, msumari wa taa umeshuka, kamba ya nguo nje imeshuka. Nilipomaliza alisimama mbele ya kioo akajitazama kwa muda, hakugusa kitu. Halafu akasema, bila kugeuka:

"Bwana mufupi, mu nyumba yangu bintu yote ilikuwa juu sababu ya ule muntu. Miye niko nashusha moja-moja. Na weye, shusha."

Sikumwambia lolote kuhusu boriti. Nadhani mji mzima ulikuwa umemwambia. Njiani kurudi nilisimama pale kwenye reli, treni ya mizigo ilikuwa imeziba njia, nikalia kidogo. Hukuniona nikilia kwenye kilio chako, nilikuwa na kazi ya jeneza. Sasa umejua.

Jumatano nilimwomba Mwepu awalete wote bandani. Walikuja wote kumi na mmoja, Banza naye. Kwanza nilisema mbele yao kile ambacho sikukisema nyumbani kwa Banza, kwamba nilijua. Banza akauliza tu kama safari hii nitawasikiliza. Nikasema ndiyo.

Kisha nikawaambia wavue viatu. Mmoja mmoja alisimama peku kwenye saruji, akaegemea nguzo, akanyosha mkono, na mimi nikachora mstari penye ncha ya kidole. Kasongo alijaribu kusimama kwa vidole vya miguu ili awe juu ya Mwepu, wakamshusha kwa mabega. Banza alinyosha mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia bado ulikuwa na bandeji. Mistari kumi na mmoja ikajipanga kwenye nguzo, na wako peke yake juu kabisa. Kati ya wako na wa Kasongo, ambaye ndiye mrefu wao sasa, palikuwa na nafasi ya kutosha mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole. Mstari wa Banza ulikuwa katikati ya yote. Pale ndipo nilipotoboa upya.

Mita ilikuwa mfukoni na sikuitoa. Kuhusu hilo ulikuwa na haki. Nimelitafakari na sina la kubisha. Kosa letu lilikuwa kumpima mtu mmoja tu, na yule tuliyempima akaondoka.

Jana walileta mbawala jike wa kwanza wa boriti mpya. Watu wawili walimpandisha kwenye ndoano bila kelele. Banza alishika kisu kwa mkono wa kushoto, polepole, akianzia kisiginoni, na wenzake walimwacha amalize mwenyewe bila kumharakisha. Ngozi ilishuka yote kwa mara moja kama shati la mtu aliyefika nyumbani amechoka. Shimo lilipokea damu, sakafu ilioshwa kwa ndoo tatu, na nyama haikuwa na mchanga. Habari ya ghala la mahindi hakuna anayeitaja tena.

Shingo waliniletea mimi, kama desturi yenu ya kumpa shingo fundi aliyetengeneza. Miaka yote uliniletea shingo hata nilipokuwa sijakutengenezea chochote, na kila mara nilikukumbusha kwamba sili nyama ya pori tangu ile risasi ndogo iliyobaki ndani ya nyama ikanivunja jino nyumbani kwako. Ukipewa shingo na aliyekuvunja jino, ulikuwa unasema, basi umelipwa. Nilikuwa nawagawia majirani. Jana niliipika. Nilitafuna kwa upande mmoja tu, taratibu, na sikukutana na risasi.

Yamebaki matundu yako mawili ya juu kwenye nguzo, yaliyo wazi. Mwepu aliuliza kama nitayaziba kwa vipande vya mti ili nyigu wasijenge. Nilipanda kigoda, kilekile kibaya, Kasongo na Mwepu wakikishika pande zote. Tundu la upande wa Kaniama nimeliziba. La upande wa mji nimeikunja mita yangu ya zamani nikaisukuma ndani. Imeingia sawasawa. Ninayo nyingine ya chuma kwa ajili ya milango na majeneza, na kigoda tulikivunja jana hiyohiyo tukakifanya kuni za kupikia ile shingo.

Nakuahidi jambo moja. Kila mtu mpya akiingia chamani, nitakwenda bandani na penseli peke yake, avue viatu, anyoshe mkono, na boriti ikitakiwa kuhama, itahama. Nikishindwa kupanda, nitamfundisha mwingine namna hiyohiyo.

Lala salama, Ilunga Mrefu. Mita iko pale juu. Hakuna mwingine wa kuifikia.

Wajina wako,
Ilunga Mfupi