Mkaguzi Si Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla wakaguzi hawajafika.

Mimi ni mwalimu wa maabara katika chuo cha afya, kazi yangu naijua na sijisifu bure, na mkuu wa chuo ni mjomba wangu, kaka yake mama wa tumbo moja, aliyenisomesha baada ya baba kufariki, sasa wiki ijayo wanakuja watu wa tume kuangalia kama tunastahili ithibati, na sisi tuna hadubini moja tu nzima, darasa zima linaipigia foleni na kila mmoja anachungulia kidogo kama mtu asiyealikwa harusini, basi mjomba kaenda kwa rafiki yake mwenye chuo cha jirani akaazima hadubini za kujaza meza zote, zimeshafika, zinang'aa, na mimi natakiwa nisimame mbele ya wakaguzi niseme wanafunzi wanazitumia kila wiki.

Nilipokataa alicheka, akasema, "Mwanangu, wakwe wakija kwetu si tunaazima viti kwa jirani? Nani aliwahi kushtakiwa kwa ajili ya viti?" Nami nilicheka, maana mjomba ana maneno, lakini jana mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alisogelea meza akaniuliza, "Mwalimu, hii inawashwa wapi?" na kicheko kikanikauka, kwa sababu huyo karibuni atakuwa hospitali anapima damu za watu. Nikisema kweli chuo kinaweza kufungwa na mjomba akaaibika, na mama ameshaniambia nisiukate mkono ulionilisha. Nifanyeje?

Mwalimu wa Maabara

Mwalimu, pole, na afadhali kicheko kimekauka mapema.

Mjomba wako kachanganya mambo. Mkwe huja akala, akasifu, akaenda zake. Mkaguzi anakuja kwa niaba ya mgonjwa ambaye bado hajaugua, na huyo hatibiwi kwa vitu vya maonyesho. Nawe acha kulialia kuhusu mkono uliokulisha. Kuuzuia mkono usiingie motoni si kuukata, na mama yako akielezwa vizuri atalielewa hilo kuliko wewe.

Kwa hiyo mchukue mama, nendeni kwa mjomba nyumbani, si ofisini. Mwambie kwa heshima, bila kupindapinda, kwamba uongo huo hutausema. Mkumbushe pia kuwa mkaguzi akimgeukia mwanafunzi na kusema "hebu tuonyeshe," mchezo umekwisha, na aibu ya hapo haina pa kujificha. Kisha mpe njia ya kutokea: amrudie rafiki yake wakubaliane rasmi, wanafunzi wenu wafanye mazoezi kwenye maabara yake kila wiki mpaka mnunue zenu, na wakaguzi waambiwe hivyo hivyo. Chuo kinachokiri kilipopungukiwa kina cha kujitetea. Kinachokamatwa kikidanganya hakina.

Na hizo zilizoko mezani, mbona umezikodolea macho tu? Waingize wanafunzi leo. Wewe si ni mwalimu?

Mjomba akikataa, ukiulizwa sema kweli, na yatakayofuata uyakabili ukiwa wima. Akicheka tena, mwambie siku atakayolazwa, atakayepima damu yake ni mmoja wa hao wahitimu, na cheti chake kitakuwa na saini ya mjomba mwenyewe.