Salha Niliyemsikia Dukani

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka Mji wa Kale. Sisi hatujambo. Goti la babuyo lina nafuu, na mamako mdogo amejifungua msichana.

Umeniuliza mbona wasomaji wa hadithi yako wanamdhania yule msichana ni mweupe, na wewe hukuandika hivyo. Mwanangu, hata mimi sijui.

Miaka ya sabini, kabla sijaolewa, tulikuwa na mchezo wetu wa kuigiza tukiusikiliza redioni, na mrembo wake akiitwa Salha. Siku moja nachagua leso mtaa wa Biashara, nikasikia sauti yake nyuma yangu. Nikageuka mbio. Mwanamke mweusi.

Nikamwambia, "Sauti ni ya Salha. Salha mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi," akasema, akinitazama mikono. "Ulitaka awe vipi, dadangu?"

Na mimi nikaitazama mikono yangu. Mimi huyu, mweusi kumshinda!

Jioni nikafungua redio, nikajilazimisha kumwona vile alivyo. Alipoanza kusema tu, akanijia yule mweupe. Hata leo hunijia.

Ukimjua aliyemtia kichwani mwangu, niandikie.

Bibiyo,
Mwanakheri