Kaka Anataka Akiba Yangu Yote Iingie kwenye Sabuni

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijamtukana kaka yangu wa tumbo moja. Mimi ni kuli kwenye ghala la kiwanda cha sabuni, mbali na kwetu, mwaka wa sita huu na mgongo umekwisha, na kila mwezi naweka akiba kwenye mfuko wa hatifungani, ule unaokusanya pesa za wengi na kuzikopesha serikali na makampuni kwa riba, faida yake ndogo lakini inakuja, na lengo ni moja tu, binti yangu aingie chuo cha uuguzi Januari. Sasa kaka, niliyemwandikisha msimamizi wa akiba hiyo kwa kuwa niko mbali, amechukua nusu bila kuniuliza akanunua hisa za kiwanda hikihiki, nilipompigia nikifoka akacheka, "We mdogo wangu, watu wataacha kuoga? Si wewe uliyenijaza masikio kwamba malori hayalali?" Ni kweli nilisema, lakini hisa zimeshuka karibu robo, na nusu ya pili ofisi ya mfuko imekataa kuitoa bila saini yangu, maana msimamizi mwisho wake ni nusu, ndiyo kaka kanitumia fomu, eti bei ikiwa chini ndipo pa kununua, mke wangu anasema nikisaini nisirudi nyumbani, kaka anasema natawaliwa na mwanamke. Nisaini?

Kuli Aliyechoka

Usisaini. Chana hiyo fomu.

Pole kwa mgongo, lakini nani alimpa kaka mamlaka hayo? Wewe! Mama wa mtoto yupo, ukamruka.

Na hayo malori: unaona katoni zikitoka, huoni mafuta ya kutengenezea sabuni yamepanda bei kiasi gani. Kweli, kampuni za sabuni na unga huyumba kidogo kuliko nyingine, lakini hisa hushuka bila kukuomba ruhusa. Mfuko nao si mtakatifu, riba za sokoni zikipanda thamani yake hupungua, ila kwa kawaida hautikisiki kama hisa za kampuni moja. Hisa ni za pesa unayoweza kuisahau miaka mitano. Ada ya Januari utaisahau vipi? Tena kiwanda kikianguka, utapoteza kibarua na akiba siku moja. Hilo hamkuliona, nyote wawili?

Leo hii iandikie ofisi ya mfuko, ufute jina la kaka, uweke la mkeo. Nusu iliyobaki isiguswe. Ikiwa haitoshi ada, uza hisa za kujazia, hata kwa hasara, uume meno.

Halafu mpigie binti yako. Ugomvi wenu wote bila shaka ameusikia, na sidhani kama kuna aliyemwambia kwamba safari yake ya chuo bado ipo.